Mashine ya 40 ikifa, usikimbilie ya 60
Ndugu, umeuliza kama boti yako ya mita 5, iliyokuwa na mashine ya nyuma ya nguvu farasi 40, inaweza kubeba ya 60. Jibu lipo kwenye kibati cha mtengenezaji: soma kiwango cha juu cha nguvu farasi na usikivuke.

Mimi ningeanza na tepu. Pima kimo cha tezi (ubao wa nyuma wa boti) pale mashine inapofungwa: sentimita 38 hivi inataka mashine ya shafti fupi, yaani mkia mfupi unaoshuka hadi kwenye propela; 51 inataka ndefu. Ukikosea hapo, propela itavuta hewa au mkia utaburuta maji bure.

Halafu uzito. Kama ya zamani ilikuwa ya kuchanganya oili na petroli (mipigo miwili), ya mipigo minne yenye nguvu ileile mara nyingi ni nzito zaidi, na nyuma boti itazama kidogo. Hamishia betri na tangi mbele. Kagua pia mbao za tezi. Zikiwa zimeoza ndani, ukizigonga zinalia bubu.

Propela ya zamani usiitegemee (hata kama inaingia). Mashine ikishindwa kufikia mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake, tafuta propela yenye pichi ndogo zaidi, yaani inayosogea mbele kidogo zaidi kwa kila mzunguko.