Mwalimu wa Yoga na Mkeka Wake Mwenyewe

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimefundisha yoga kwa miaka minane, na sasa nina vipindi 12 kwa juma. Zamani niliamka alfajiri nikafanya mazoezi yangu peke yangu, lakini siku hizi nikirudi nyumbani sina hamu hata ya kuutandika mkeka. Wenzangu husema kwamba vipindi ninavyofundisha ndiyo mazoezi yenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekufariji, hawajakujibu. Mtu anapofundisha, macho na masikio yake yako kwa wengine, na inapasa yawe huko. Mwili wake huonyesha mkao ukiwa haujapata joto, mara nyingi kwa upande uleule, huku pumzi ikikatwakatwa na maneno. Mimi niliumia msuli wa nyuma ya paja la kulia, na nilichukua muda kutambua kwamba huo ndio mguu niliozoea kuonyeshea.

Mfikirie mwalimu mashuhuri wa yoga, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 kusini mwa India, ambaye utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, kisha akajifunza yoga mjini Mysore kwa shemeji yake, Krishnamacharya. Mwaka 1937 alipelekwa Pune kufundisha akiwa na umri wa miaka 18 tu, na mafunzo yake yalikuwa machache. Kwa kuwa mwalimu wake alikuwa mbali, majibu aliyatafuta katika mwili wake mwenyewe kwa saa nyingi kila siku, na baadaye mikanda, viti, kamba na vipande vya mbao vikawa alama ya ufundishaji wake. Ajali ya barabarani ya mwaka 1979 ilimrudisha nyuma sana, naye akaanza tena taratibu, na hata alipopita miaka 90 alikuwa bado anafanya mazoezi.

Sisemi uige saa zake. Patanjali, mwandishi wa kale wa Yoga Sutra, kitabu cha msingi cha yoga, alisema kwamba mazoezi hupata mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wa dhati. Hakutaja mikao migumu. Anza na dakika 20 kabla ya kipindi cha kwanza, na usizitumie kutayarisha somo, kwa maana hapo utakuwa umerudi kazini. Kama mapato yako yanaruhusu, acha vipindi viwili.

Tofauti itasikika darasani. Mwalimu anayeishi kwa maneno aliyokariri atasema "nyoosha mguu" mwaka mzima, ilhali yule ambaye asubuhi ileile alihisi goti lake likitulia mara alipokandamiza ukingo wa nje wa unyayo wa nyuma, atamwambia mwanafunzi hilo hilo, na mwanafunzi atajua la kufanya.

SWALI: Nina miaka 61 na shingo yangu hainiruhusu tena kusimama kwa kichwa. Je, nistaafu kufundisha?

JIBU: La. Krishnamacharya huyo huyo, ambaye miaka ya 1930 aliwafundisha vijana wa Mysore mikao mizito, baadaye katika mji ambao leo unaitwa Chennai alifundisha zaidi mtu mmoja mmoja, akilinganisha zoezi na umri na afya ya aliye mbele yake. Aliishi hadi mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 100. Fanya leo kile ambacho mwili wako wa leo unakiweza, usiufiche mpaka wako mbele ya wanafunzi, na mkao unaokushinda mwombe mwanafunzi mzoefu auonyeshe. Wewe simama kando, kwani ukiwa umesimama ndipo unapoliona darasa zima, jambo ambalo aliyepindua kichwa chini haliwezi.