Le au la, avoir au être: pa kuanzia

Ndugu, shida yako ya Kifaransa nimeielewa: msamiati unao, ila unachanganya le na la, na kwenye wakati uliopita hujui ushike avoir (kuwa na) au être (kuwa).

Jinsia kwanza. Usikariri "table" peke yake, kariri "une table". Nasema une, si la, kwa sababu mbele ya irabu le na la zote hugeuka l' na jinsia inajificha: l'école, l'arbre. Miisho nayo husaidia: -tion karibu yote ni ya kike, -ment karibu yote ya kiume. Aliyezoea ngeli hashtuliwi na upatanisho, kwa hiyo hapo una nafuu.

Mitego iko kwenye wakati uliopita. Vitenzi vingi huchukua avoir: j'ai mangé. Être ni ya vichache (aller, venir, partir, naître, mourir, tomber, rester na wenzao) pamoja na vyote vya se, yaani vya kujitendea. Vile vichache hufuata mtenda: elle est partie, ils sont partis. Sasa tazama sortir: elle est sortie, ametoka, lakini elle a sorti le chien, amemtoa mbwa. Kikipata yambwa (mtendwa, kama huyo mbwa) kinarudi kwa avoir, na ile -e inaondoka. Monter, descendre na passer ni hivyo hivyo, jambo ambalo orodha nyingi za kukariri hazilitaji.

Kila siku andika sentensi tano ukibadilisha mtenda: il, elle, ils, elles. Subjonctif, ile hali ya kitenzi ya matakwa na mashaka, iache kwanza. Kama una mtihani wa DELF (wa cheti cha Kifaransa) karibuni, tafuta mwalimu akusahihishie maandishi, maana parti na partie hutamkwa sawa; sikio halitakuonya.