Kwa wanaoanza kuponda mirija ya kompositi

Kompositi ni nyuzi zilizoshikanishwa kwa resini, yaani gundi iliyoganda, na mirija yake tunaiponda kwa mashine tuone ingemeza nishati kiasi gani gari likigonga. Mrija wangu wa kwanza wa nyuzi za kaboni ulinifurahisha kwa sekunde chache tu. Nguvu ilipanda, ikapanda, kisha ukalia mlio mmoja mkali na mrija ukakatika katikati. Nikamwonyesha msimamizi wangu kile kilele kirefu kwenye grafu. Yeye akaweka kidole kwenye nafasi tupu baada ya kilele, akaniuliza: "Na nishati iko wapi?"

Nishati ni eneo lililo chini ya mstari wa nguvu na mwendo. Kilele kirefu hakikusaidii. Kwenye gari, hicho ndicho kishindo kinachomfikia abiria. Tunachotafuta ni nguvu inayotulia huku mrija ukisagika kuanzia nchani, milimita baada ya milimita.

Kwa hiyo anza na ncha. Ichonge mshazari, digrii 45 zatosha. Ukingo ule mwembamba huvunjika mapema kwa nguvu ndogo, na uharibifu ukishaanzia hapo husonga kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimeiacha ncha yangu bapa.

Ukimaliza jaribio, tafadhali usiutupe mrija. Ukate kwa urefu, usugue uso uliokatwa hadi ung'ae, kisha uweke chini ya hadubini. Mara nyingi utakuta ukuta umepasuka katikati ya unene wake: tabaka za nje zimepinda kwenda nje, za ndani zimepinda kwenda ndani, na katikati yake pamebanana kabari ya vifusi vya nyuzi na resini. Mimi hupenda sana kuiangalia kabari hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozitenganisha tabaka. Tabaka hizo nazo husuguana na bamba la mashine, na msuguano humeza sehemu kubwa ya nishati. Basi andika hali ya uso wa bamba, maana bamba lenye mafuta litakupa jibu jingine.

Usitarajie kaboni ijikunje kama chuma. Nyuzi za aramidi, kama Kevlar, hujikunja hivyo. Nyuzi za kaboni na za kioo humeza nishati kwa kuvunjika.

Kwenye hesabu, gawanya nishati kwa uzito wa sehemu iliyopondwa tu. Mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 50, ukuta wa milimita 2 na msongamano wa gramu 1.55 kwa sentimita ya ujazo, ukipondwa milimita 50, sehemu iliyopondwa ni takriban gramu 23.4. Wastani wa nguvu ukiwa kilonewtoni 30, nishati ni juli 1,500, yaani kama juli 64 kwa gramu. Vifusi vikishajaa ndani na nguvu ikaanza kupanda tena, komea hapo. Sehemu hiyo haimo kwenye wastani.

Halafu ponda mwingine ukiwa umeinama kidogo. Mrija uliosagika vizuri ukiwa wima unaweza kukatikia shinani, na migongano mingi barabarani haiji wima.