Kadi ya kliniki ya mtoto ndiyo daftari lako la kinga

Muuguzi mstaafu wa Mikindani anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma utabibu mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Nimepata sapu ya maikrobiolojia, na kilichoniangusha ni chanjo na kinga. Nilikariri jedwali lote la kwenye madesa: chanjo hai, zilizouawa, toksoidi, na kingamwili (protini za mwili zinazokamata vijidudu) za aina ya IgM na IgG. Nilipokaa kwenye kiti cha mtihani vyote vikavurugika, nikaandika kwamba BCG ni virusi. Marudio ni wiki tatu zijazo. Nifanyeje?
Msomaji, Chikongola

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Yafunge hayo madesa kwa siku mbili. Nenda kwa dada yako, au kwa jirani yeyote mwenye mtoto mdogo, umwombe kadi ya kliniki, ukae nayo mkekani. Uliyoulizwa kwenye mtihani karibu yote yamo mle, na yamepangwa kwa umri kwa sababu zake.

Kwa kila chanjo jiulize swali moja: ndani ya kichupa hiki kuna nini? Anza na siku ya kuzaliwa, BCG ya begani. Mle mna bakteria hai, ndugu yake yule wa kifua kikuu, aliyetoka kwa ng'ombe. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walimwotesha maabara na kumhamisha mara 230 kwa muda wa miaka 13, mpaka ukali ukamtoka. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921. C na G kwenye jina ni wao wawili, na B inatokana na neno la Kifaransa la bakteria wa umbo la fimbo. Ukiyajua hayo, mkono wako hautaandika tena "virusi".

Wiki ya 6 unakuta Penta, na hapo utulie. Ni sindano moja ya magonjwa matano, na namna nne za kutengeneza chanjo zimo ndani yake. Dondakoo na pepopunda ni toksoidi, yaani sumu ya bakteria iliyovunjwa makali kwa fomalini. Kifaduro ni bakteria mzima aliyeuawa. Homa ya ini B ni protini ya ganda la kirusi, inayotengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya kirusi hicho. Ya tano ni Hib, bakteria wa uti wa mgongo na nimonia, na huyo ndiye watahini wanayempenda kuliko wote.

Hib amejifunika koti la sukari. Seli B, ile inayotengeneza kingamwili, ya mtoto mchanga ikikutana na sukari tupu hujibu kinyonge: hutoa IgM kidogo, na kumbukumbu haibaki. Sababu ni kwamba seli T, msaidizi wake, husoma vipande vya protini, na sukari haina cha kusomwa, hivyo seli B inaachwa peke yake. Watengenezaji wakaishikiza ile sukari kwenye protini. Sasa seli B inaikamata sukari, inameza na protini iliyoshikana nayo, inaivunjavunja, kisha inakitoa nje kipande kimoja na kukionyesha kwa seli T saidizi. Seli T inakitambua na kuipa seli B msukumo, na seli B inaanza kutoa IgG na kuacha seli za kumbukumbu. Ukiweza kunisimulia haya bila kutazama karatasi, umeielewa na PCV ya nimonia inayotolewa siku ileile, maana hesabu yake ni hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ndani ya kichupa cha Penta ambalo madesa mengi hulipitia kwa mstari mmoja: chumvi ya alumini. Nilijifunza habari yake kwa uchungu. Nilikuwa mgeni kazini, nimepangiwa siku ya chanjo kwenye kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde. Nikatoa barafu kwenye friza, nikaipanga kwenye kisanduku cha kubebea chanjo palepale bila kungoja ianze kuyeyuka, na vichupa vya DPT, chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, nikavigusisha nayo. Tulipofika vilikuwa vimeganda. Vikayeyuka, nikaona dawa ni nyeupe kama siku zote. Dada mkubwa niliyefuatana naye akachukua kichupa changu na kingine alichokuwa amekifunga mbali na barafu, akavitikisa kwa pamoja, akaviweka mezani tukasubiri. Chake kilibaki na ukungu. Changu kilishuka upesi, kikaacha mapande chini na maji juu. Akaviweka kando vyote nilivyovigandisha. Akina mama waliofika alfajiri na watoto mgongoni tukawaambia warudi wiki inayofuata, na wengine walitoka mbali. Nyuso zao ninazo hadi leo.

Sasa ieleze kisayansi. Toksoidi ni protini iliyosafishwa; peke yake mwili hauishtukii sana. Chumvi ya alumini huishikilia mahali pa sindano na kuziita seli za kinga zije. Ikigandishwa, chembe zake hugandamana na kuwa mapande, na chanjo hupoteza nguvu. Chumvi hiyo ndiyo ajuvanti, na ndiyo sababu chanjo hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, isigande. Matone ya polio na unga wa surua havina alumini. Vyenyewe huvumilia kuganda, adui yao ni joto, kwa kuwa virusi vilivyomo ni hai.

Wiki ya 10 na ya 14 Penta inarudi. Chukua kalamu uchore: dozi ya kwanza, mstari wa kingamwili unachelewa kupanda, haupandi juu, na mwingi wake ni IgM. Dozi zinazofuata, mstari unapanda haraka na kukaa juu, na mwingi ni IgG, kwa kuwa seli za kumbukumbu zilikwisha kuwepo. Mchoro huo una alama zake, usiuache.

Miezi 9, surua-rubela. Kwa nini tusiimalize wiki ya 6? Kwa sababu mtoto bado anatembea na IgG za mama yake zilizopita kwenye kondo, nazo zingeviua virusi vya chanjo kabla havijazaliana na kuufundisha mwili wake. Ukingoja mno, za mama zinaisha na surua ya kweli inamkuta uchi. Miezi 9 ni mapatano kati ya hatari mbili hizo. Ya miezi 18 inawapata wale ambao ya kwanza haikushika.

Wakikuuliza udhaifu wa chanjo hai, wewe wa Mtwara una mfano wa nyumbani. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huku kwetu, upande wa Newala. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha chanjo yake ya kwanza, chanjo hai. Baadaye baadhi ya wazee waliochanjwa waliugua vibaya, na mwaka 2025 leseni hiyo ikasitishwa hukohuko. Kirusi kilichodhoofishwa bado ni kirusi, na mwili mchovu unaweza kushindwa nacho. Ndiyo maana mwenye kinga iliyoporomoka humpi chanjo hai bila kufikiri.

Kila jioni shika chanjo moja, umsimulie mtu wa nyumbani kwa sauti. Akikuuliza "kwa nini?" ukakwama, hapo ndipo ufungue kitabu.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nasoma uuguzi. Baba alikatwa na panga akifyeka shamba la mikorosho, na hajui kama aliwahi kuchanjwa. Hospitali alichomwa sindano mbili za pepopunda, mkono mmoja na mwingine. Kwa nini mbili, na kwa nini mikono tofauti?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba. Moja ilikuwa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili wa mtu mwingine. Hizo ni za kuazima: zinafanya kazi tangu siku ileile, nusu yake inapotea kwa kama wiki tatu, na haziachi kumbukumbu. Dawa ya sumu ya nyoka ni ya ukoo huo, na maziwa ya mwanzo ya mama yenye kingamwili za IgA pia. Ya pili ilikuwa toksoidi, inayoufundisha mwili wa baba kujitengenezea wenyewe. Inachukua wiki kadhaa, na lazima arudi kukamilisha dozi.

Mikono tofauti ni kwa sababu ileile ya surua na miezi 9. Zikichomwa mahali pamoja, kingamwili za kuazima zitaikamata toksoidi kabla seli za baba hazijaiona.