Karma siyo deni la mtoto mchanga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kibaigwa. Dada yangu amejifungua mtoto mwenye mguu kifundo, yaani uliopinda tangu kuzaliwa, sasa ana wiki tatu. Mtu anayejiita mtaalamu wa Kibuddha amemwambia kwa simu kwamba mtoto analipa aliyotenda katika maisha yaliyopita, na kwa laki mbili atamsafisha karma kwa siku 21. Nimesoma kidogo ule mnyororo wa visababishi 12, unaoeleza katika Ubuddha jinsi mateso yanavyotokea, sioni pa kusafishia. Ndivyo Buddha alivyofundisha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Sivyo, na dada asitoe hata shilingi.

Hujaona pa kusafishia kwa sababu hapapo. Katika Anguttara Nikaya, mojawapo ya mikusanyo ya mahubiri yake, Buddha anaeleza kwamba anachokiita karma ni nia: mtu hunuia, ndipo hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Nia haigandi mwilini kama uchafu, basi mtu ataisuguaje?

Linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba kila linalotupata ni malipo. Buddha aliulizwa jambo hilohilo. Katika mkusanyo mwingine, Samyutta Nikaya, mtawa wa kuhamahama aitwaye Sivaka anamweleza kuwa wapo wanaosema raha na karaha zote zatokana na matendo ya zamani. Buddha anamhesabia vyanzo vinane: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kujitunza vibaya, kushambuliwa, na cha mwisho, kukomaa kwa matendo. Karma ni moja kati ya nane! Wanaoipa yote nane, akasema, wamekosea. Kwingineko anatoa sababu: anayeamini kila kitu kimeamuliwa na ya zamani hana tena ari ya kutenda wala haja ya kuchagua.

Matapeli nao wana aya zao. Katika mkusanyo wa Majjhima Nikaya yapo mafundisho yanayohusisha maradhi na maisha mafupi na matendo ya huko nyuma. Lakini hayo yanatoka kwenye tendo kwenda kwenye tunda, ili msikilizaji aache kudhuru viumbe leo. Hayampi mtu ruhusa ya kutazama mguu wa mtoto na kusoma kosa lake. Matokeo ya karma yamo hasa katika mambo manne ambayo Buddha alikataza kuyakisia, akionya kuwa anayeyachimba ataishia kuchanganyikiwa na kutaabika.

Chukua punje ya mtama. Iko kihengeni kiangazi kizima, haioti. Mvua za Desemba zinanyesha, udongo unalowa, joto linatosha, ndipo inachipua. Na hata hapo palizi ikichelewa, au kwelea kwelea wakishuka shambani, hupati kitu. Punje ni sababu, yale mengine ni masharti, na hakuna zao linalotoka kwenye kimoja peke yake. Kitabu cha Patthana, katika maandiko ya Kibuddha, kinataja aina 24 za masharti. Anayekuja na jibu la neno moja ameiacha elimu hii mlangoni.

Kwa mtoto wenu, swali ni sharti lipi linaweza kubadilishwa sasa. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo pa kuanzia. Kwa kawaida mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa hogo (plasta ngumu), linalobadilishwa kila wiki kwa wiki tano hadi saba hivi, na wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha huja viatu vyenye kipande kinachoiunganisha miguu yote miwili: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku na wakati wa kulala hadi miaka minne au mitano. Hapo kwenye viatu ndipo wazazi wengi huharibu. Mguu umenyooka, wanaona umepona, wanaviacha. Nao unajipinda tena. Siku 21 za kusafishwa ni wiki tatu za hogo zilizopotea, wakati viungo vya mtoto mchanga bado ni laini.

Na dada mwenyewe? Mnyororo ule una mahali pa kufanyia kazi: kati ya hisia na kiu, yaani kutamani kwa nguvu. Jicho, mguu na ufahamu vikikutana, ni mguso. Mguso huleta hisia, na uchungu ule hakuuchagua. Kinachofuata ndicho kiu: lazima nijue ni kosa la nani. Buddha aliifananisha hali hii na mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili. Uchungu ukimjia, autambue ulipokaa, kooni au kifuani, auite uchungu tu, na asubiri upungue kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Hilo halina ada.

Leo matapeli hao wameshika mguu wa mtoto. Kesho ni mwanamke asiyezaa, keshokutwa ni mkulima aliyepigwa na ukame. Maneno ni yaleyale: kosa liko katika maisha usiyoweza kuyakagua, na dawa anayo yeye. Atakayekuja na maneno hayo, mwulizeni ni kipi kati ya vile vinane, na amekijuaje.