Barolo Cannubi ya 2016: utunze au unywe? Na nyama gani?

Mkuu umeuliza hiyo Barolo Cannubi ya 2016, mvinyo mwekundu wa Italia, uliyopewa zawadi uiweke kabatini hapo Dar mpaka mtoto amalize chuo au uinywe, na kama inapanda na pilau. Mimi nimehudumu mgahawani Turin, hukohuko Italia, chupa za hivyo nimewafungulia sana wateja na za kwangu chache maana bei yake si mchezo, kwa hiyo nasema nilichoonja.

Cannubi ni jina la shamba, kilima kimoja kirefu pale kijijini Barolo, na ni jina la zamani mno, kuna chupa imeandikwa Cannubi 1752. Ila shamba moja haimaanishi mwenyewe mmoja, kilima kile kimegawanywa kwa wengi, so angalia na jina la aliyeitengeneza, wengine wanabebwa na kilima tu. Udongo wake una mchanga mchanga kidogo ndo maana Cannubi huwa laini kuliko Barolo za kijiji cha Serralunga ambazo ukizifungua mapema zinakukaba koo.

Rangi isikutishe. Zabibu ya Nebbiolo, ndo inayotengeneza Barolo, inatoa mvinyo mwepesi wa rangi, pembeni inaenda kwenye chungwa, mtu akiona anadhani umemwekea kitu cha bei rahisi halafu anakunywa fundo la kwanza ukakasi unamkamata ulimi kama ameng'ata bibo. Harufu ndo utamu wenyewe: waridi, cheri, lami, na ikizeeka inakuja ngozi na majani makavu.

Sasa kutunza. Kisheria Barolo inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, na 2016 ulikuwa mwaka mzuri sana wa mavuno, kwenye stoo ya chini ya ardhi yenye nyuzi 12 hadi 14, giza, chupa imelala, miaka 20 inafika bila shida. Lakini kabati la Dar lenye nyuzi 30 aisee hapana, joto linaupika, na umeme ukikatika AC haikusaidii. Friji ya jikoni kwa miezi kadhaa sawa, kwa miaka hapana, hewa yake kavu inakausha kizibo. Kama huna friji ya mvinyo ninavyoona mimi kunywa mwaka huu, mtoto mtafutie zawadi nyingine.

Siku ya kuinywa, isimamishe tangu jana yake mashapo yatulie chini. Kuchomoa kizibo tu ukaiacha hakufanyi kitu, shingo ni nyembamba hewa itaingilia wapi, mimina taratibu kwenye jagi masaa mawili matatu kabla, mwishoni jagi likae friji kidogo maana mezani unataka nyuzi 16 hadi 18, na ukiona ya baridi sana acha glasi dakika kumi harufu itafunguka yenyewe.

Chakula: huko kwao wanapika brasato, ng'ombe aliyechemka taratibu kwenye mvinyo huohuo. Hapo nyumbani ningepika makongoro au mkia wa ng'ombe mpaka nyama idondoke mfupani, au mbuzi choma mwenye mafuta na chumvi tu, mafuta na nyama ndo vinaupooza ule ukakasi. Pilau la ng'ombe linapita vizuri kabisa, ila kachumbari ya pilipili weka mbali, pilipili na ukakasi na pombe ya asilimia 14 vikikutana mdomo unawaka na harufu yote ya waridi imekwenda. Samaki usithubutu, inabaki ladha ya chuma mdomoni. Na usiwaite watu kumi, watano wanatosha, kila mtu apate glasi yenye maana.

Ikibaki rudisha kwenye chupa, ziba, friji, kesho yake mara nyingi inakuwa tamu zaidi hata.