Kujitolea Ujerumani: watoto au wazee? Mimi nasema wazee

Dada mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu waliotangulia. Umepata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja Ujerumani, umeambiwa uchague kati ya watoto na wazee, na kuna wakala anadai milioni nne za "kushikilia nafasi". Karibu kila mtu hapa kakwambia chukua watoto, eti wazee wa Kizungu ni wasumbufu na kazi yao ni pampasi tu. Mimi nakwambia chukua wazee. Nilijitolea Baden-Württemberg, jimbo la kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwenye taasisi yenye nyumba ya wazee na, ng'ambo ya bustani, makazi ya watoto wenye ulemavu. Nimefanya kazi pande zote mbili.

La wakala tulimalize kwanza: usitoe hata mia. Mpango wenyewe unaitwa Bundesfreiwilligendienst, ulianza 2011 Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Zamani vijana waliokataa kushika bunduki ndio waliokuwa wakisukuma viti vya magurudumu hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Jeshi la lazima liliposimama nao wakakosekana, pengo likabidi lizibwe. Kituo utakachofanyia kazi ndicho kinachokulipa wewe: posho (ukomo wa 2025 ulikuwa euro 644 kwa mwezi, vituo vingi hutoa chini ya hapo), bima ya afya, na mara nyingi chumba na chakula. Gharama zako halali ni mtihani wa lugha, nyaraka, ada ya viza ambayo kwa kawaida ni euro 75, na nauli, ingawa wapo wanaolipiwa hata nauli. Caritas na Diakonie (mashirika ya huduma ya makanisa) na Msalaba Mwekundu wa kule wanaendesha mpango huu, waandikie mwenyewe. Kama unasali KKKT, ulizia dayosisi: ya Kaskazini Magharibi na ya Mashariki na Pwani zimo kwenye VEM, umoja wa makanisa wenye makao Wuppertal, Ujerumani, na umoja huo hupeleka vijana wa Kiafrika kujitolea Ujerumani.

Turudi kwenye hoja. Watu wanadhani mtoto ni rahisi kwa sababu hajui kulalamika. Anajua sana, ila analalamika huku analia, kamasi zinatoka, kwa Kijerumani ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha Goethe, ile taasisi ya kufundisha Kijerumani. Akianguka ukiwa naye, jioni mama yake anataka kujua kaanguka wapi, saa ngapi, kichwa kiligonga nini, na nani alimwona. Hapo B1 yako (ngazi ya kati ya lugha) inayeyuka. Mzee ana muda. Anakurudia hadithi ileile kila siku baada ya chakula cha mchana, na wewe kila siku unadaka kitenzi kipya. Mimi Kijerumani changu nimefundishwa na bibi mmoja wa karibu miaka tisini, tena bure.

Huyo bibi alikuwa anaficha mkate. Kila ukisafisha meza ya asubuhi unakuta kipande kimepungua, na ukifua koti lake unakikuta mfukoni, kimefungwa kwenye tishu, kimekauka kama kigae. Manesi wageni walikuwa wanamgombeza. Nesi mkuu akatueleza: alikimbia vita na mama yake kutoka Silesia, eneo ambalo leo sehemu kubwa iko Poland, mwaka 1945, msimu wa baridi, akiwa mtoto. Tuliacha kumnyang'anya, tukawa tunaondoa cha zamani usiku akilala. Inapofika kama saa kumi jioni alikuwa anachukua mkoba na kusimama mlangoni: watoto wanatoka shule, lazima aende nyumbani. Watoto wenyewe ni wastaafu! Ukimwambia "huna watoto wadogo, hapa ndiyo kwako" analia hadi usiku. Ukimuuliza leo anawapikia nini, anaanza kukueleza namna ya kumenya viazi, mnatembea korido mnaongea viazi, na mkifika mwisho wa korido ameshasahau mlango.

Pampasi zipo, sikudanganyi, na shifti ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Lakini wewe ni msaidizi. Dawa hugusi, insulini hugusi, na mtu mzito humnyanyui peke yako. Kama hutaki kuogesha wanaume, sema siku ya mahojiano, vituo vingi vinaelewa. Wapo pia wazee watakaokataa mkono wako kwa sababu ya rangi. Kwetu alikuwepo mmoja, nesi mkuu akamjibu mbele ya wote kwamba atakayemletea chai ni huyuhuyu au asubiri. Kituo ambacho viongozi wake wananyamaza, omba kuhamishwa. Na usimwite mtu bibi wala babu hata kama moyo unakuuma, ni Frau (Bibie) au Herr (Bwana) na jina la ukoo.

Upande wa watoto masharti ni mengi zaidi, na yana haki yake. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Uthibitisho wa chanjo ya surua, ambao ni sheria tangu Machi 2020. Picha hupigi bila idhini ya wazazi, busu la shavuni sahau. Ila hayo siyo yaliyonisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba kila Septemba anakuja mjitoleaji mpya, na yule aliyezoeleka anaondoka. Kulikuwa na kijana wa miaka tisa asiyeongea, anayekubali kulishwa na watu wawili tu. Mmoja mkataba wake ulikwisha, na kijana akasukuma sahani wiki nzima. Hata wale Wazungu wanaokuja vituo vya yatima Arusha na Moshi kwa wiki tatu, wanakumbatiwa shingoni na watoto siku ya kwanza, nawafikiria kwa jicho hilo. Mzee naye anakuzoea, lakini huwa ana wanawe, majirani wa chumba, maisha mazima nyuma yake.

Na kama unawaza kubaki, njia ya wazee ni pana zaidi. Mafunzo ya uuguzi ni miaka mitatu, unalipwa ukiwa unasoma, vituo vingi zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi, na kituo kilichokuona mwaka mzima kinakuandikia mkataba chenyewe. Watakutaka uwe na lugha ya B1 au B2.

Kwenye mahojiano uliza haya: chumba kiko umbali gani na kituo na kuna basi saa kumi na moja alfajiri, nani msimamizi wako, na zile siku 25 za semina zinafanyikia wapi. Mkataba ukifika tu, omba miadi ubalozini siku hiyohiyo. Huyo wakala mpigie umwambie umepata mwenyewe.